Kabla ya Kuhesabu Blanketi, Soma Daftari la Wanachama

Kutoka lango la Nairobi Hospital, kwenye Barabara ya Argwings Kodhek, hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ng'ambo ya Barabara ya Ngong ni mwendo mfupi wa miguu. Wauguzi, walinzi na wauza chai wa eneo hilo huutembea kila siku. Historia za hospitali hizo mbili zimetenganishwa na kitu kidogo kuliko barabara: orodha ya majina. Ile ya Argwings Kodhek ilifunguliwa mwaka 1954 ikiitwa European Hospital, na nyuma yake kulikuwa na chama cha watu waliojiandikisha, wakachanga, wakakutana na kuchagua halmashauri yao. Ile ya ng'ambo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 na jina la Native Civil Hospital, baadaye ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na uhuru ulipopatikana ikaitwa Kenyatta. Hiyo ilijengwa na serikali kwa ajili ya Waafrika, watu ambao chama cha kwanza hakikuwa tayari kuwaandika. Huko Parklands nako Wahindi wa Nairobi walikuwa na chama chao cha kujitolea, Social Service League, ambacho hadi leo ndicho kinachoendesha Hospitali ya M.P. Shah. Mji ulikuwa mmoja na maradhi yalikuwa yale yale. Kilichoamua mgonjwa alazwe wapi ni daftari la nani lilikuwa na jina la mtu wa aina yake.

Nimeanza na hospitali kwa sababu tunapozungumzia klabu za kujitolea, hasa zile za Rotary na Lions ambazo nembo zake zimetapakaa Nairobi, huwa tunaanzia upande usiofaa. Tunauliza klabu imetoa nini: matangi mangapi ya maji, viti vingapi vya magurudumu, blanketi ngapi kwa wakongwe, wagonjwa wangapi wa mtoto wa jicho waliofanyiwa upasuaji. Magazeti huchapisha picha ya hundi kubwa ya karatasi ngumu, viongozi watano wameishika, na habari ikaishia hapo. Nadai kwamba kipimo cha haki cha klabu ya namna hii ni uanachama wake. Zawadi hutolewa mara moja ikaisha au ikachakaa. Daftari la wanachama ndilo linaloonyesha nani anahesabiwa kuwa mtu wa kutoa na nani anahesabiwa kuwa mtu wa kupokea tu. Hata sheria yetu inalitambua jambo hili. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataka kila chama kilichosajiliwa kieleze katika katiba yake ni nani anayeruhusiwa kujiunga, na kiweke daftari la wanachama. Matangi na blanketi hayamo katika matakwa hayo.

Tuitazame Rotary kwa karibu, kwa kuwa ndiyo kongwe zaidi kwetu na kumbukumbu zake ni nyingi. Ilianzia Chicago tarehe 23 Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu: Gustavus Loehr, Silvester Schiele na Hiram Shorey. Walikuwa watu wa makamo waliohamia jiji kubwa ambamo hakuna aliyewajua kwa majina, na jina lenyewe la Rotary lilitokana na desturi yao ya kuzungusha mikutano kutoka ofisi ya mmoja hadi ya mwingine. Sharti lao la uanachama lilikuwa la ajabu kidogo: kila kazi ilipewa nafasi moja. Wakili mmoja, mfanyabiashara wa makaa mmoja, fundi wa nguo mmoja. Lengo la mwanzo halikuwa kusaidia maskini hata kidogo. Walitaka urafiki, na walitaka kupeana wateja, na sharti la kazi moja nafasi moja lilihakikisha hakuna wawili wanaogombea mteja yuleyule mezani. Huduma ilifuata baadaye. Mnamo 1907 klabu hiyo ya Chicago iliungana na wengine kudai vyoo vya umma katikati ya jiji, na hapo ikagundua kwamba meza yenye watu wa kazi mbalimbali inaweza kufanya jambo ambalo meza ya mawakili watupu haiwezi.

Ugunduzi huo ndio kiini cha hoja yangu, kwa hiyo sitaupita haraka. Kisima hakichimbwi na nia njema. Kinahitaji mtu anayejua miamba, mwingine anayejua bei ya mabomba na duka lisilodanganya, mwingine wa kuandika mkataba, mwingine wa kukaa na wazee hadi wakubaliane kisima kichimbwe katika shamba la nani, na mwingine wa kurudi miaka miwili baadaye kuangalia kama pampu bado inafanya kazi. Klabu iliyokusanya watu wa namna hiyo ikawakutanisha wiki baada ya wiki hadi wakazoeana ina mali ambayo pesa hainunui upesi. Ndiyo maana mahudhurio yalitiliwa mkazo kiasi kile. Kwa miongo mingi mwanachama aliyekosa mkutano wa klabu yake alitakiwa kufidia kwa kuhudhuria wa klabu nyingine, popote alipo, na desturi ya kubadilishana vibendera kati ya klabu mwenyeji na klabu ya mgeni imetokana na safari hizo. Mikutanoni kuna kengele ya shaba ya kufungulia kikao, na kuna afisa anayepita kati ya viti kutoza faini ndogondogo: kwa aliyechelewa, kwa aliyesahau beji, kwa aliyetajwa gazetini. Beji yenyewe ni gurudumu la meno 24 na njiti sita. Asiyeijua desturi hii anaweza kuona ni michezo ya watu wazima. Lakini faini ya kuchelewa ina maana moja tu: kutokuwepo kwako kumeonekana.

Klabu ya Rotary ya Nairobi iliundwa mwaka 1930, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam ilipata yake mwaka 1949, Kampala mwaka 1957. Mwaka 1930 Nairobi ilikuwa na umri wa miaka 31 tangu reli ifike, na tayari ilikuwa imegawanywa kwa rangi kama nguo inavyokatwa kwa mkasi. Wazungu walikaa upande wa magharibi wenye hewa baridi na viwanja vikubwa, upande ambao Kilimani na Kileleshwa zimo. Wahindi walikuwa Ngara na Parklands. Waafrika, wakiwa na kipande cha utambulisho shingoni, walielekezwa Pumwani na mitaa mingine ya mashariki. Sasa chukua sharti la Chicago, kwamba mwanachama awe mwenye biashara, meneja au mtaalamu wa kazi inayotambulika, ulilete katika mji huo. Sharti lenyewe halitaji rangi. Lakini leseni za biashara, shule, mishahara na sheria za makazi zilikuwa zimekwisha kutaja rangi kwa niaba yake. Hapa ndipo klabu hizi zinapostahili kulaumiwa, na pia ndipo zinapoweza kueleweka: zilirithi mlango uliokuwa umeshafungwa na wengine, zikaketi ndani bila kuuliza kwa sauti kwa nini nje kuna watu wengi hivyo.

Walioachwa nje hawakukaa bure. Ni kosa kubwa kudhani kwamba wazo la watu kujiandikisha, kulipa ada, kuchagua viongozi na kusaidiana lililetwa Kenya ndani ya masanduku ya walowezi. Pwani ya Waswahili ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni tangu miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, vikiwa na vyeo, sare, ada, ushindani mkali na wajibu wa kumzika mwenzao na kumsimamia katika harusi. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama, na katika miaka ya 1950 baadhi ya walioongoza vyama hivyo waligeukia jumuiya za kudai elimu na maendeleo ya wanawake Waislamu. Nairobi kwenyewe, wafanyakazi kutoka Nyanza na Magharibi waliunda jumuiya zao: Luo Union, Abaluhya Association, na nyingine za wilaya na hata za kijiji kimoja. Zilikutana katika kumbi kama ule wa Kaloleni, zikasafirisha maiti hadi nyumbani, zikalipia watoto karo, zikaanzisha timu za kandanda. Ukiyaweka majukumu hayo kando ya yale ya Rotary, tofauti ni ndogo. Tofauti kubwa ilikuwa katika daftari: huku ulijiandikisha kwa kazi yako, kule kwa ukoo na lugha yako.

Walikuwepo pia waliojaribu njia ya tatu. Mwaka 1946 ilianzishwa United Kenya Club, ambayo makao yake yako Barabara ya State House, ili Mwafrika, Mwasia na Mzungu waweze kula chakula cha mchana meza moja, jambo ambalo klabu kubwa za mji huo hazikuruhusu. Kwa macho ya leo ni jambo dogo. Kwa mwaka ambao mji ulikuwa ukiandaa mpango mkuu wa ujenzi, uliochapishwa mwaka 1948 ukiitaja Nairobi waziwazi kuwa makao makuu ya koloni, kukubali tu kumwandika mtu wa rangi nyingine katika daftari lile lile kulikuwa hoja kubwa ya kisiasa kuliko hotuba nyingi.

Baada ya uhuru tulipewa funzo la upande wa pili. Jumuiya za kikabila zilikuwa na nguvu ambayo klabu za kigeni hazikuifikia, kwa kuwa mtu hawezi kujiuzulu ukoo. Lakini nguvu hiyo hiyo ilizifanya ngazi za wanasiasa, na mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilizivunja. Mashabiki wa kandanda wanalikumbuka jambo hili kuliko wanahistoria: timu ya Luo Union ikawa Re-Union, na ile ya Abaluhya ikageuka All Footballers Confederation, hiyo AFC Leopards tunayoijua. Jina lilibadilishwa, mashabiki wakabaki wale wale. Amri ile ilifunga ofisi na akaunti, ila haikuweka chochote mahali pake. Mkazi wa Nairobi aliyekuwa na jumuiya ya kumzika akabaki na kamati ya mazishi inayoundwa upya kila msiba, chini ya mti au katika hoteli ya mjini, na kuvunjika siku maiti inapofika nyumbani.

Nako katika Rotary, vita vya daftari viliendelea, safari hii kuhusu wanawake. Mwaka 1977 klabu ya mji mdogo wa Duarte, California, iliyokuwa imepungukiwa na wanachama, iliwaandika wanawake watatu. Mwaka uliofuata makao makuu yaliifuta klabu nzima. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliamua kwamba wanawake hawawezi kuzuiwa, na mwaka 1989 baraza la kutunga kanuni la Rotary likaondoa sharti la uanaume kwa dunia nzima. Katika mwaka wa 2022 hadi 2023 shirika hilo liliongozwa na mwanamke kwa mara ya kwanza, Jennifer Jones wa Kanada. Fikiria miaka 84 ya kukosa nusu ya wahandisi, mawakili, walimu na madaktari ambao wangeketi mezani. Hakuna anayeweza kuhesabu kazi ambazo hazikufanywa kwa sababu ya jina ambalo halikuandikwa. Sisi Wakenya tulikuwa na mfano karibu: Maendeleo ya Wanawake, iliyoundwa mwaka 1952 chini ya mkono wa serikali ya kikoloni, ilipata nguvu mpya pale uongozi wake ulipopita kwa Waafrika wenyewe, Phoebe Asiyo akiwa miongoni mwa waanzilishi wa mabadiliko hayo.

Ushahidi ulio mzito zaidi kwangu unatoka Uganda. Sam Owori, mwanachama wa Klabu ya Rotary ya Kampala tangu 1978, alikuwa gavana wa wilaya ya Rotary katika miaka ya 1980, wakati nchi yake ilipokuwa inatoka vitani. Wakati huo Uganda ilikuwa na klabu tisa. Alipoteuliwa miaka 29 baadaye kuwa rais mteule wa Rotary duniani, zilikuwa 89. Owori alifariki Julai 2017 kabla ya kushika kiti, na Afrika ikakosa rais wake wa pili baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria. Kampala si tajiri kuliko Nairobi, na haina balozi, mashirika wala kampuni nyingi kuliko tulizo nazo. Klabu ya Nairobi ilitangulia ya Kampala kwa miaka 27. Iwapo klabu za kujitolea ni tunda la utajiri na ukaribu na Wazungu, kama wengi wanavyoamini, hesabu ya Uganda haina maelezo. Ina maelezo ukikubali kwamba zilikua kwa sababu kuna watu waliochukua kazi ya kuandika majina mapya, mwaka baada ya mwaka, kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tuje Nairobi ya leo, mtaa wa Kilimani. Kata ya Kilimani imo katika eneobunge la Dagoretti Kaskazini pamoja na Kileleshwa, Gatina, Kabiro na Kawangware. Maana yake ni kwamba mwenye ghorofa ya kumi na mbili karibu na Yaya Centre na mwenye chumba cha mabati Kawangware wanampigia kura mbunge mmoja. Kusini, ukivuka Barabara ya Ngong penye Adams Arcade, unaingia soko la Toi na kisha Kibera. Nyumba za zamani za Kilimani, zile za bustani na mti wa mkaratusi uani, zimebomolewa moja baada ya nyingine na mahali pake pameota majengo marefu yenye lango moja, mlinzi mmoja na mamia ya wakazi. Kwenye lango kuna kitabu. Mgeni huandika jina, nambari ya kitambulisho, simu na nyumba anayokwenda. Kitabu hicho kimejaa majina kuliko daftari la klabu yoyote, na hakimfanyi yeyote kuwa mwenzake yeyote. Wanaoishi ghorofa moja hukutana kwenye lifti wakiwa na simu mkononi. Huo ndio upweke wa Chicago ya 1905, sasa ukiwa kwenye Barabara ya Kindaruma na Wood Avenue.

Najua nitakavyojibiwa kwanza: Wakenya wana chama. Kweli, na ni fahari yetu. Mkazi wa Kilimani ana chama cha uwekezaji na wenzake wa chuo, ana kikundi cha kuchangia mazishi cha watu wa kwao, na kanisani au msikitini ana kikundi kingine. Lakini hebu tazama madaftari hayo. La kwanza lina watu wa kipato kimoja, la pili watu wa kaunti moja, la tatu watu wa imani moja. Yote yanatazama ama mfukoni mwa mwanachama ama nyumbani alikotoka. Hakuna hata moja linalouliza habari ya mtaa anamolala siku 300 kwa mwaka, wala linalomweka meza moja na mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, mwenye duka la dawa, fundi wa mabomba na mwanamke anayeuza mboga kwenye kona. Juhudi za kuwaunganisha wakazi zimekuwepo. Kilimani Project Foundation, iliyoanzishwa katika miaka ya 2010, ni mfano mwema. Kinachokosekana bado ni wingi wa watu wenye mazoea ya kukutana bila kuwa na msiba wala faida ya kugawana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba klabu hizi ni za wenye nacho, na huduma ni vazi la biashara. Wanakutana katika hoteli ambamo kikombe cha chai ni nusu ya mshahara wa siku wa kibarua, wanabadilishana kadi, kisha mara mbili kwa mwaka wanapanda basi kwenda kupiga picha na maskini. Sina haja ya kulikanusha hili lote. Nimekwisha kusema kwamba kupeana wateja ndiko kulikuwa chanzo. Hata yale maswali manne ambayo wanachama wa Rotary hujipima nayo, kuhusu ukweli, haki, urafiki na manufaa kwa wote, yalitungwa mwaka 1932 na mfanyabiashara, Herbert Taylor, alipokuwa akiiokoa kampuni ya sufuria iliyokaribia kufilisika. Lakini pingamizi hili, ukilitafakari, linaunga mkono hoja yangu. Ubaya unaoelezwa hapa unatokana na daftari lenye watu wa tabaka moja. Klabu ambayo maskini ni mgeni wake tu itamfanyia maskini mambo ya kigeni. Atakayejua kwamba choo cha shule kinahitaji mlango wenye komeo la ndani kabla ya rangi mpya ni mzazi wa shule hiyo, na mzazi huyo hana budi kuwa na kiti cha kupigia kura ndani ya klabu. Kizuizi cha kanuni hakipo tena. Tangu 2016 Rotary imeziruhusu klabu kupanga zenyewe namna ya kukutana, angalau mara mbili kwa mwezi, na kinachotakiwa kwa mwanachama ni tabia njema, heshima katika kazi au jamii yake, na nia ya kuhudumu. Muuza mboga aliyekaa kwenye kona moja miaka kumi na tano, akikopesha mtaa mzima na kulipwa, ana heshima ya kazi kuliko wengi wenye kadi.

Wapo vijana watakaosema kwamba klabu yenye katiba, kengele na mweka hazina imepitwa na wakati. Mwezi Juni 2024, wakati wa maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, Wakenya walichanga mamilioni ya shilingi kwa simu ndani ya siku chache kuwasaidia majeruhi na familia za waliouawa, bila klabu yoyote. Hakuna mwenye moyo asiyeguswa na jambo lile, na limethibitisha kwamba ukarimu hatuna upungufu nao. Ila mchango wa simu una nguvu ya mafuriko: unafika upesi, unafika kwa wingi, na hauwezi kuambiwa urudi mwezi wa Novemba. Kijana aliyepoteza mguu anahitaji mguu wa bandia, kisha anahitaji ubadilishwe unapochakaa, na hilo ni suala la miaka. Angalia polio. Rotary ilitangaza kampeni yake mwaka 1985. Afrika ilitangazwa kuwa huru dhidi ya virusi vya polio vya asili tarehe 25 Agosti 2020. Hiyo ni miaka 35, na katikati yake Kenya ilipigwa tena mwaka 2013, watu 14 wakiugua katika upande wa Garissa na kambi za Dadaab, na kazi ikaanza upya. Msisimko wa wiki moja usingefika huko. Lililofika huko ni daftari ambalo lilipoondokewa na jina moja liliongezwa jingine. Vijana wenyewe wanajua: Rotaract, tawi lao lililoanza mwaka 1968, lilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa programu ya wakubwa, na ni mwaka 2019 tu baraza lilipokubali klabu zake ziwe wanachama kamili. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna miongo mitano ya vijana waliobaki na kuhudhuria.

Kuna pia wanaosema kwamba maji, vyoo na hospitali ni kazi ya serikali, na kila klabu inayochimba kisima inaipa kaunti ruhusa ya kulala. Naikubali nusu ya kwanza bila masharti. Tunalipa kodi na Katiba ya 2010 imeyataja maji na afya kuwa haki. Nusu ya pili siikubali. Serikali hailali kwa sababu wananchi wamekutana. Hulala wakiwa hawajakutana. Anayekwenda peke yake kwenye ofisi ya wadi kuuliza kwa nini bomba la majitaka limepasuka hurudishwa kesho. Watu 30 wa kazi 30, wanaojuana, mmoja wao mhandisi anayejua ramani ya mabomba na mwingine mhasibu anayeweza kusoma bajeti ya kaunti, hawarudishwi kirahisi. Wale wa Chicago mwaka 1907 hawakujenga vyoo vya jiji kutoka mifukoni mwao. Walilishurutisha jiji.

Ndiyo sababu ombi langu kwa klabu zinazokutana Kilimani na mitaa ya jirani, ziwe za Rotary, Lions au za jina jingine lolote, si kubwa wala halina gharama. Angalau mkutano mmoja kwa mwezi ufanywe jioni, baada ya saa za kazi, katika ukumbi wa shule au kanisa, bila chakula cha hoteli, na uendeshwe kwa Kiswahili, lugha ambayo wakili, bawabu na dereva wa boda wote wanaitumia kila siku. Ada ipangwe kwa uwezo. Na mwisho wa mwaka, kando ya orodha ya matangi na blanketi, klabu ichapishe hesabu nyingine: wanachama wapya wangapi, wa kazi gani, wanaume wangapi na wanawake wangapi, na wangapi kati yao wanaishi Kawangware, Gatina na Kibera. Wewe msomaji unayeishi huku, ukialikwa kuchangia, changa. Kisha omba kuonyeshwa daftari, na kama mlinzi wa lango lako angependa kuandikwa, mpeleke wewe mwenyewe.